Nusa Kwanza, Ndipo Useme

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umeipokea barua hii ukiwa mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinamia oveni umeanza kukuhurumia. Shemeji naye hajambo? Mwambie sijasahau jinsi alivyoukimbia ule mchezo wa karata akisingizia usingizi. Sisi huku tunaendelea vizuri. Wifi yako anakusalimu sana. Watoto wanauliza shangazi atakuja lini na keki, na ninavyowajua, wanaingoja zaidi keki. Mimi mwili hauna neno, ila kichwa kimevurugika kabisa, ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungeniuliza swali moja tu, nami ningeanza kukusimulia habari za mvua.

Nianze na lile ambalo watu wote wananipongezea. Mama Glasi, mkuu wetu wa waonjaji pale kiwanda cha bia, anastaafu, na aliyependekezwa kukalia kiti chake ni mimi. Jumatatu nitakabidhiwa ufunguo wa chumba cha kuonjea. Usifurahi bado, Dada. Soma kwanza mpaka mwisho.

Hukuwahi kukiona chumba chetu, na najua wewe na Shemeji huwa mnacheka mkisema nalipwa kwa kulewa. Ni chumba kidogo chenye kuta nyeupe na taa nyekundu, ili macho yasiione rangi ya bia na kuudanganya ulimi. Kila mwonjaji ana kijichumba chake cha mbao, glasi iliyofunikwa, maji na biskuti kavu. Manukato marufuku, kitunguu cha mchana marufuku. Bia haitemwi, inamezwa, kwa kuwa uchungu wake hukaa nyuma ya koo, lakini ni mafunda machache tu. Na Mama Glasi ana sheria moja ambayo hata mkurugenzi hathubutu kuivunja: nusa kwanza, onja, andika, ndipo useme. Mtu akisema kabla ya wenzake, anasema yeye, amekwisha kuwawekea wote maneno mdomoni.

Sasa kilichonivuruga ni bia yenyewe. Mpishi wetu wa bia, kijana mpole anayeongea na matangi yake kama watu wanavyoongea na ng'ombe, alikuja na wazo la kupika stauti, ile bia nyeusi ya shayiri iliyochomwa, kisha kuilaza juu ya matunda ya cheri. Ameihangaikia kwa miaka, akamwaga mapishi mengi, akakaripiwa na mkurugenzi mara nyingi zaidi. Safari hii alitupatia glasi akasimama nje ya mlango. Tuliona viatu vyake chini ya mlango muda wote, havitulii.

Dada, hujapata kuona watu wazima wakipotea namna ile. Mzee Povu, mwonjaji wa zamani kuliko wote, aliandika kwamba ni dawa ya kikohozi iliyomwagikia kahawa. Aliyekaa kushoto kwangu akasema anapata kiatu kipya cha ngozi, halafu chokoleti, halafu tena kiatu. Mama Glasi mwenyewe alisema inaanza kama kahawa iliyoungua kidogo na kuishia kama tunda lililokasirika, na kwamba hajui kama ameipenda au ameiogopa. Tulipoulizwa kama ladha ya cheri imejitokeza, tuliulizana cheri yenyewe ina ladha gani. Ikabainika kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kula cheri bichi! Cheri tuliyoijua sote ni ile nyekundu ya sukari inayowekwa juu ya keki. Nikakumbuka nilivyokuwa nikizidokoa kwenye keki zako za wateja, nawe unaziba mashimo kwa krimu huku ukinitukana kwa sauti ya chini ili mama asisikie.

Mpishi akatuletea bakuli la cheri bichi. Wenzangu wakatafuna, nyuso zikafunguka, eti ahaa, sasa wameelewa. Nami nikasema ahaa. Nilipata maji machachu na kokwa, basi.

Tukaonja upya. Mimi nilikaa mbele ya glasi ile mpaka povu likaisha. Ulimi uliniambia chachu, kisha chungu, kisha tamu kidogo pembeni, na katikati ya hayo yote palikuwa na shimo. Muda ulikuwa unakwisha, nikaandika lililonijia. Niliandika: sukari iliyogandia chini ya sufuria, jamu iliyosahaulika motoni, na mtu aliyechelewa kufungua dirisha. Bila shaka umeitambua siku hiyo. Ni ile siku uliyounguza jamu ya oda ya harusi, ukaketi sakafuni ukilia na mwiko mkononi, nami nikawa nalamba sufuria kwa siri.

Mama Glasi aliposoma maneno yangu kwa sauti, Mpishi aliingia bila kubisha. Alisema hicho ndicho alichokuwa akikitafuta miaka yote, na alikuwa hajapata mtu wa kumwambia kuwa kipo. Wenzangu wakaonja tena, na wote wakaipata sufuria. Mzee Povu akafuta dawa yake ya kikohozi. Yule wa kiatu akaapa kwamba hata dirisha analisikia. Leo maneno yale yamechapwa kwenye lebo za chupa zinazongoja kujazwa, na mimi ndiye pua ya kiwanda.

Dada, pua hiyo haipo.

Tangu yale mafua mabaya ya msimu wa baridi, sinusi kitu. Nimesubiri irudi kama mtu anayesubiri mgeni aliyeaga kwamba anakwenda dukani tu. Sinusi kahawa asubuhi, sinusi nguo za mtoto, sinusi moshi. Juzi wifi yako alikuta maharage yameungua jikoni nami nimekaa kando ya jiko nasoma gazeti. Alidhani nimezama kwenye habari za mpira. Nilimwachia adhani hivyo. Nimemficha yeye, nimewaficha wenzangu, nimeishi kwa ulimi mtupu na kwa mazoea. Bia zetu nyingine nazijua hata kwa uzito wake mdomoni, na bia ya kawaida ikiwa chachu najua moja kwa moja imeharibika. Watu wakanisifu kwa umakini. Ningewezaje kusema? Mwonjaji asiye na pua ataonja nini, na watoto watakula nini? Ninaogopa, Dada. Naandika neno hilo kwa mara ya kwanza.

Na kwa bia hii ujanja wangu umegonga mwamba. Cheri ni chachu kwa asili yake. Bia ikiingiwa na wadudu wa siki, nayo huwa chachu. Kwa ulimi ladha hizo mbili ni mapacha, na wa kuzitenganisha ni pua peke yake. Jumatatu, kazi yangu ya kwanza nikiwa mkuu ni kuonja tangi kubwa na kutamka kama lijazwe kwenye chupa au limwagwe. Nikisema ndiyo nalo limeharibika, watu watauziwa siki, na Mpishi hatapewa tena hata pipa moja. Nikisema hapana nalo ni zima, nitakuwa nimemwaga jasho la kijana wa watu kwenye mtaro. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama alikuwa akituambia, nami nilidhani anasema habari za vidonda.

Nilijaza chupa moja kutoka tangi hilo nikaja nayo nyumbani, nipambane nayo kwa utulivu hapa kwenye meza ya jikoni. Nilipoifungua ilifura, ikanimwagikia mkononi na kwenye sehemu ya chini ya karatasi hii, hapo utakapoona doa. Nikaupeleka mkono mdomoni kuulamba. Dada, nilinusa kitu. Kidogo mno, kama sauti ya chumba cha pili. Nikanusa tena, kipo. Nikanusa mara ya tatu, sina hakika. Sijui kama ni pua yangu inarudi, au ni maneno yangu mwenyewe yananirudia, kama yalivyowaingia wale wenzangu. Nimezunguka jikoni nikinusa sabuni na chumvi kama mwendawazimu, mpaka wifi yako akauliza nimepoteza nini.

Wewe ndiye mwenye pua ya kweli katika ukoo huu. Uliwajulisha watu kwamba maziwa yanaharibika kabla maziwa yenyewe hayajapata habari. Najua bia huipendi, na sikuombi unywe, ila unuse tu. Ndiyo maana barua imekufikia ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, harufu isitoroke. Dereva wa lori letu anapita kwenu kesho, na ameahidi kukukabidhi mkononi.

Nilichonusa sitakuambia. Nimekiandika kwenye karatasi nyingine na kumpa wifi yako akiweke, baada ya kumweleza yote sasa hivi. Ameuliza kama ndiyo habari ya yale maharage. Ukinipigia nawe ukataja kitu kilekile, basi pua ni yangu, na Jumatatu nitaupokea ufunguo na kusema lililo kweli kuhusu tangi. Ukitaja kingine, au ukikosa chochote, nitakwenda kwa Mama Glasi kabla hajanikabidhi, nimwambie hadharani, na chochote ulichonusa nitampelekea Mpishi, kimsaidie kuamua kuhusu tangi.

Msalimie sana Shemeji, na wale wasichana wako wa kazi, hasa yule anayeimba akikanda unga. Wote hapa wanakupa mkono. Sasa weka barua chini unawe, maana najua una vanila vidoleni. Ukirudi, sahau sufuria, sahau dirisha, sahau yote niliyokueleza. Inua karatasi hadi puani, hapo kwenye doa.

Ni mimi mdogo wako,
Mdokoa Cheri