Gari la Bi Rukia Lilivyozima Kibarani

Ganjoni, Mombasa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na kikohozi cha mama kimepoa? Mimi ni mzima, ila joto la huku linatukausha. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na neno lenyewe si la kupigiwa kelele. Wakesho, mdogo wangu, najua wewe ndiwe unayemsomea. Msomee yote, usiruke mahali kwa kunionea haya.

Baba, wivu umenifanya nitende jambo baya.

Nilikwambia gerejini alikuja fundi mpya, Athmani, mzaliwa wa Mji wa Kale. Ni fundi mzuri, ingawa ulimi wake ni mtamu kuliko mikono yake. Husalimia wateja mpaka akawauliza hali za wajukuu, nao wakacheka, wakamkabidhi funguo. Mimi nina miaka tisa hapa. Watu niliowazoea walianza kunipita nikiwa nimesimama mlangoni na spana mkononi.

Aliyeniuma zaidi ni Bi Rukia, mwalimu mstaafu anayekaa nyuma ya Ngome ya Yesu. Gari lake la zamani aliachiwa na marehemu mumewe, na tangu niajiriwe hakuna aliyeligusa ila mimi. Siku moja akaingia, akanisalimu vizuri, kisha akauliza, "Mwanangu, Athmani yuko?" Nilimwonyesha kwa kidole.

Gari lilikuwa likiwaka vizuri asubuhi, lakini likishapata moto na kuzimwa, haliwaki tena mpaka lipoe. Athmani akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akafungua pampu ya petroli. Kila mara lilirudi. Cheche za plagi alizipima injini ikiwa baridi, na wakati huo zilikuwa nzuri, basi hakuzifikiria tena. Mara ya pili liliporudi, yeye akiwa ameenda kuswali, niliigusa koili, ile inayozipa plagi umeme wa cheche, nikakuta inaunguza. Nikaiwekea kitambaa cha maji baridi, kama ulivyonifundisha kwenye lori la misheni, nikapiga stata. Likawaka papo hapo. Nikalizima, nikakiondoa kitambaa, nikarudi kwenye kazi yangu. Athmani aliporudi nilimtazama akikuna kichwa juu ya injini, na baba, nilifurahi.

Wiki iliyofuata kaka yake Bi Rukia alifariki huko Changamwe, azikwe adhuhuri. Bi Rukia akatoka na gari lake ili awahi kumwona uso. Kibarani foleni ya malori ilikuwa haisongi, gari likapata moto, likazima katikati ya njia. Akampigia Athmani. Tukaenda wote wawili kwa tuktuk.

Tulimkuta amesimama juani, leso kichwani, malori yanampigia honi. Hakutaka kuliacha gari la mumewe pale. Athmani akafungua boneti, akainamia pampu tena. Nikamsogeza, nikailowesha koili kwa kitambaa na maji ya chupa yangu. Likawaka. Athmani alinitazama, kisha akafunga boneti.

Tulipofika Changamwe jeneza lilikuwa limeshatoka. Bi Rukia hakushuka. "Nilitaka kumwona uso tu," alisema.

Gerejini Athmani aliniuliza, "Wajua tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Na hukunambia. Waonaje, ningekucheka?"

"Nilitaka wewe ndiwe uchekwe."

Alinawa mikono polepole. "Kwangu si kitu. Kwa yule mama, enda mwenyewe."

Nilikwenda matanga yalipokwisha. Nilimweleza Bi Rukia yote, bila kujitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Umekuja mwenyewe, nimekusikia," alisema. "Lakini sitakwambia nimekusamehe, maana bado."

Koili mpya tumeitia, na gari linawaka moto au baridi. Juzi alilileta kubadilishwa oili. Alinisalimu, akamwulizia Athmani. Athmani akanionyesha mimi, akamwambia, "Mama, gari hili ni la Mghoi." Bi Rukia akampa Athmani funguo vilevile.

Wivu ulinipanda tena, baba. Sitakudanganya. Lakini Athmani alipolala chini ya gari nilimwendea, nikainama, nikamwambia ile boliti ya kumwagia oili uzi wake umelika, aikaze kwa mkono kwanza. Akaniambia ahsante. Nikarudi kwenye kazi yangu.

Nisalimie shangazi Mkawasi, dada yako, na Mwakio, jirani yetu fundi cherehani, aliyenibebea sanduku mpaka stendi siku ninaondoka. Mama mwambie aendelee na dawa hata akijisikia nafuu. Nawe, ukiwa na la kunikemea, mpe Wakesho aliandike kama utakavyolisema.

Ni mimi binti yako, niliyekutia aibu na bado ni wako,

Mghoi