Ng'ombe Kwenye Kioo cha Lori

Chikongola, Mtwara
26 Novemba, 1972

Mpendwa Dada Graca,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, nikitumaini kwamba u mzima na kwamba masomo ya uuguzi huko Masasi hayakunyimi usingizi. Sisi hapa hatujambo. Mama goti limepoa, anauliza kama unakula. Nimemwambia kwamba asiyekula hawezi kuandika barua ya kurasa nne, lakini amesema nikuulize hivyo hivyo. Mimi ninangoja majibu ya darasa la saba, na sisemi mengi, nisije nikajiletea nuksi.

Huenda umesikia kwamba Baba alifikishwa mahakamani. Ni kweli, ila hakuiba wala hakupigana. Alikuwa anatoka Kilambo na lori la tajiri yake, Mzee Isihaka, limejaa magunia ya korosho za kupeleka bandarini. Akasimamishwa na trafiki, Sajini Stefano. Sajini akatazama kioo cha mbele, pale inapobandikwa leseni ya barabara, ile karatasi ya duara. Akatazama tena. Akamwomba Baba ashuke waangalie pamoja. Palikuwa na duara lililokatwa vizuri kwa mkasi kutoka karatasi ya kopo la maziwa, na ng'ombe amesimama katikati. Sajini akauliza kwa upole sana ng'ombe huyo analipiwa wapi kodi ya barabara. Abiria waliopanda juu ya magunia wakacheka, na mmoja akamshauri Baba amkamue kwanza ndipo ajibu.

Baba akajitetea kwamba gari si lake, kioo si chake, na ng'ombe vilevile si wake. Kazi yake ni usukani. Sajini akasema ndiyo maana anamshika yeye. Dereva anayetoa gari barabarani bila leseni ya barabara na bima ana kosa, hata kama gari ni la mjomba wake. Mwenye gari naye ana lake, ataitwa kwa zamu yake. Hakimu akasema yale yale, akampiga faini, akamwonya kwamba akishikwa tena, leseni yake ya udereva itafungiwa. Na unajua, Dada, Baba bila usukani hana kazi nyingine.

Mzee Isihaka alitaka lori litoke Jumatatu, kwa sababu meli ilikuwa inapakia. Tulidhani Baba angekwenda kumwomba karatasi za gari. Hakwenda. Alikwenda sokoni, akaenda kunyoa nywele ambazo hazikuwapo, akarudi akaketi. Mama akamwuliza anaogopa nini. Ndipo akasema kwamba tulipovuka Ruvuma kukimbia vita, wewe umenibeba mgongoni, hatukuwa na karatasi yoyote, na Mzee Isihaka alimpa kazi bila kumwuliza hata moja. "Aliyenipokea bila karatasi," alisema, "leo nisimame mlangoni kwake nimdai karatasi? Uso wangu nitauweka wapi?" Mama akamjibu kwamba auweke gerezani, basi.

Mama akaenda kwa jirani yetu Bibi Sharifa, muuza vitumbua. Yeye na Mzee Isihaka ni watani tangu kwa babu zao. Mtani anaingia nyumbani kwako, anakutukana, anabeba hata kuku, nawe huna ruhusa ya kununa. Bibi akanichukua nikamsomee. Baba akatufuata kwa mbali, akijifanya anakwenda msikitini, ingawa mtaa mzima unajua kwamba ni Mkatoliki.

Bibi akaingia bila hodi, akatangaza kwamba amekuja kukamua ng'ombe wa kiooni. Akasema Mzee Isihaka ni bahili mpaka karatasi zake anazinyima jua. Mzee akajibu kwamba bahili ni kinywa cha Bibi, kimebakiza meno mawili, nayo hayasalimiani. Wakati anacheka utani wake mwenyewe, Bibi alikwisha kuvuta sanduku chini ya kitanda na kulifungua.

Karatasi zote za lori zilikuwamo, zinanukia udi, zimefungwa kwenye kanga pamoja na hati ya ndoa. Nikazisoma kwa sauti. Leseni ya barabara ilikuwa bado hai, haijawahi hata kukunjuliwa. Bima ilikuwa imekwisha tangu kabla ya mfungo. Nikauliza kwa adabu kama Mzee hakuiona tarehe.

Mzee akageuka. Akatazama mlangoni, akamwona Baba amesimama. Akasema kwamba yeye alisoma chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu tu. Hizi za kizungu hazijui. Karatasi yoyote yenye muhuri huitia sandukuni isichakae. Na alidhani trafiki nao hutazama duara, hawasomi, ndipo akabandika ng'ombe.

Baba akasogea, akasema polepole, "Lakini Mzee, siku ile hukuniuliza karatasi."

"Domingo mwanangu," Mzee Isihaka akamwambia, "ningezifanyia nini?"

 Nyumbani Baba akamsimulia Mama maneno yale, wakacheka mpaka Baba akakohoa. Mama akauliza kama sasa zile shukrani zote tuzirudishe. Baba akasema hapana, kazi alipewa kweli.

Jumatatu lori halikutoka. Mzee Isihaka alivaa kofia ya sikukuu, akaenda mwenyewe kukata bima. Tangu siku hiyo namfundisha herufi kila baada ya alasiri, nyuma ya magunia, madereva wasimwone. Ameniomba nisimwambie mtu, kwa hiyo nawe usimwambie mtu.

Jumanne asubuhi Baba alisimama mlangoni kwake, akanyoosha mkono, akaomba karatasi kwa sauti ambayo hata mimi niliye karibu sikuisikia vizuri. Mzee akampa, akasema, "Chukua, Sajini." Sasa anaziomba kila siku kabla ya kuwasha lori, na jana sauti yake Mama aliisikia kutoka jikoni kwetu.

Baba na Mama wanakusalimu. Bibi Sharifa anasema ukija uje na mchumba, naye ataanza kumtukana mapema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Esperanca Domingo