Kikanyagio cha Mama na Tairi Pana

Alhamisi. Manyunyu ya asubuhi yameshapita, ua umekauka nusu, na mikono yangu bado inanuka grisi ingawa nimeisugua kwa ndimu na majivu. Moyo nao haujatulia. Kesho Mama anatoka eda.

Miezi minne na siku kumi amekaa ndani. Mimi muda huo Jumamosi zangu zote nimezimaliza uani, upande wa pili wa ukuta, nikiifumua pikipiki ya marehemu Baba. Kila aliponiuliza zile nyundo ni za nini, nilimjibu, "Naisafisha tu, Mama." Nimemdanganya mjane aliye eda. Haya, nimeshaandika.

Pikipiki yenyewe ni ya Kijapani, Baba aliinunua kabla mimi sijazaliwa. Injini yake nzima mpaka leo. Ugonjwa ulikuwa nyuma. Ule mkono wa nyuma, chuma chenye matawi mawili kinachoshika gurudumu, ulikuwa umelegea hata ukikata kona mkia unakwenda kwake na wewe unakwenda kwako. Na tairi lenyewe jembamba, likikuta mchanga linazama.

Sasa njia ya kwenda kwa Mama Mdogo, kule Ngomeni, mwisho wake ni mchanga mtupu.

Mama Mdogo ndiye ndugu pekee aliyembakia Mama. Miguu haimbebi tena, kwa hiyo msibani hakuja. Dada wawili hawajalia pamoja hata siku moja. Tangu juma la kwanza Mama ana neno moja tu: akitoka eda, kabla ya yote, apelekwe Ngomeni, na apelekwe kwa pikipiki ile ile aliyokuwa akipelekwa nayo na mumewe. Tuktuk hataki. Gari la ami hataki.

Basi nikaamua isizame. Kilifi nikapata mkono wa nyuma wa pikipiki kubwa iliyogongwa, mrefu kidogo na mpana, pamoja na gurudumu lake nene. Nikamwita Fundi Katana, mzee wa Jilore mwenye karakana huku mjini, aliyekuwa fundi wa Baba miaka yote. Alivizunguka vile vyuma kama mtu anayekagua mbuzi wa mahari. "Utaingia," akasema, "lakini utatutoa jasho, mwanangu."

Ukatutoa kweli. Bushi za zamani, vile vipete vya kwenye maungio, zilikataa, zikachongwa nyengine. Cheni ikawa fupi, tukaiunga. Tulipoiunga ikasugua ubavu wa tairi, ikabidi sproketi zote mbili, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, zisogezwe nje. Nilipima kila kitu mara mbili. Mimi ni mwalimu wa fizikia, kupima ndiyo kazi yangu, na majirani waliochungulia wakisema "Mwanamke mzima na spana!" niliwakunjia uso nikaendelea.

Sasa niseme lile ambalo sijamwambia mtu. Haikuwa kwa ajili ya Mama peke yake. Baba hakunipa pikipiki ile niiendeshe hata mara moja. Alinifundisha kukaza spoki, kubadilisha mafuta, kuisikiliza injini, lakini kuiendesha, "Ngoja nife kwanza," akinambia huku anacheka. Akafa kweli. Nami nikataka iwe na kitu kipana, kitu ambacho mtu akikiona aseme hii ni pikipiki ya Mwanaisha, si ya babake.

Naona haya kuyaandika haya.

Leo asubuhi nikaimaliza. Nikaipeleka mpaka mchanga wa ufukoni, nikaupanda, nikarudi. Haikuzama. Wallahi nilipiga kelele peke yangu ndani ya helmeti. Nikarudi nyumbani mbio, nikamwita Mama aje aitazame kutoka mlango wa uani.

Akaitazama toka taa ya mbele mpaka nyuma. Mimi nangoja nisifiwe.

"Kikanyagio changu ki wapi?"

Nikainama kuutazama ubavu wa kushoto.

Mama hukaa upande, kama wanawake wote wa rika lake wenye buibui. Kushoto, kwenye ule mkono wa zamani, palikuwa na kibao cha chuma alichokichomelea Baba ili Mama aweke miguu, na kikingio kidogo buibui lisinaswe na cheni. Nimekiona maisha yangu yote. Nilipoufungua ule mkono nilikiona tena, kimeliwa na kutu, nikamwambia Katana auchukue wote akauuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilipima upana wa tairi, urefu wa cheni, nafasi ya breki. Mguu wa mamangu sikuupima.

Mwalimu wa fizikia!

Nikaenda karakana roho juu. "Shikamoo fundi, ule mkono wa zamani..." Hata sikumaliza.

"Marahaba." Akainama, akavuta gunia kutoka chini ya meza. "Chuma cha marehemu mimi siuzi. Nilijua mamako atakiulizia."

"Na mbona hukunambia?"

"Ulikuwa wasikia la mtu, wewe?"

Tukakikata kile kibao pamoja na kikingio chake, tukakichomelea kwenye mkono mpya, kikatoka nje kidogo kuupisha unene wa tairi. Mshono wa Baba umebaki upande mmoja, mbaya, una mabonge. Wa Katana uko upande wa pili, laini. Alitaka kuipaka rangi yote miwili iwe sawa, nikamkataza.

Alasiri nikarudi nayo. Safari hii Mama akaja mpaka katikati ya ua, akavua ndala, akaweka unyayo wake juu ya kibao. Nami nikaanza tena kujigamba: tairi hili, Mama, halizami, kesho hutashuka mchangani hata hatua moja, mimi na wewe moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Mama Mdogo.

"Nitashuka," akasema.

"Mama, hakuna haja."

"Ukifika mchangani, simama. Nitashuka."

Kisha akanieleza, macho yake yako kwenye kibao. Nyumba hii ilikuwa na mama mkwe, mawifi, sisi watoto sita na wageni wasiokwisha. Barabarani injini inanguruma, humsikii mwenzio. Ni pale mchangani tu, kila pikipiki ilipozama, ndipo waliposhuka wote wawili, Baba akashika usukani, yeye akashika kiti nyuma, wakatembea polepole wakizungumza.

"Majina yenu nyote tuliyachagua pale," akasema. "Ulidhani babako hakujua kuna matairi mapana? Katana alimwambia mara ngapi! Hakutaka."

Nililia pale pale uani, grisi usoni. Mama akanifuta kwa upindo wa kanga, na huku ananicheka. "Haya, basi, mtu mzima. Utaitia kutu pikipiki."

Tairi sitalitoa. Ule mkono wa zamani ungetuangusha siku moja, na Mama mwenyewe amesema uachwe huu mpya, umekaa vizuri. Lakini kesho baada ya swala ya Ijumaa, tukifika pale mchanga unapoanza, nitazima injini. Pikipiki haitakuwa imezama, nasi tutashuka vivyo hivyo. Mimi nitashika usukani, Mama atashika kiti.

Sijui njia nzima ile nitamwambia nini. Au nianze kwa kumuuliza, jina langu, kati yao wawili, nani alilitaja kwanza?