Ruta ya Zamani

Dada Ubah,

Salamu kutoka Garsen. Mto umeshuka, na ng'ombe wako mwekundu amezaa.

Jana fundi alituletea intaneti ya faiba. Alisema modemu ya zamani haifai tena, lakini ruta yetu ya Wi-Fi bado nzima, ataichomeka tu kwenye kisanduku kipya. Mama akamsihi: "Jina na neno la siri usibadilishe, mwanangu. Jibril akirudi, simu yake itaijua nyumba kabla hajapiga hodi."

Fundi akakubali. Mimi nikatoka nje.

Dada, wiki iliyopita wavuvi wa Chara waliokota koti alilovaa kaka yetu siku mafuriko yalipomchukua. Simu ilikuwa mfukoni. Nimeificha katika sanduku langu la nguo.

Njoo. Peke yangu siwezi kumwambia Mama.

Mdogo wako,
Nimo