Jina la Askari wa Hadithi

Mjukuu wangu Neema,

Bwana akulinde huko mjini, Area 47. Hapa kambini Dzaleka tuko wazima, na babu yako ameanza tena kushona.

Umeniuliza kama ni vizuri kuwatungia batoto wa kanisa hadithi za vita. Vita vya Congo vilipotuleta huku, nilifundisha shule ya Jumapili. Siku moja niliwatungia hadithi ya askari aliyechoma kijiji. Batoto wote wakataka afe. Furaha, binti wa Uvira, akauliza, “Mwalimu, jina lake nani?”

“Sikumpa jina.”

“Basi aitwe Bahati, njo tuweze kumuombea.”

Bahati alikuwa kaka yake, aliyechukuliwa na waasi. Tulimwombea wote.

Watungie, mama, kisha uwasikilize.

Nyanya yako anayekukumbuka,
Mama Esta