Mkono Usijue Sahani

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Hoteli yako bado iko wazi. Kalekye ndiye anapika siku hizi, na muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, unalika, ingawa wazee wanalalamika maharagwe ni magumu. Nawaambia wavumilie. Ila yeye hupakua akiwatazama watu usoni, na marafiki zake hawakosi nyama.

Wewe ulikuwa unazipanga sahani, unawapa wateja mgongo, ndipo unapakua. "Mkono usijue sahani ni ya nani," ulisema. Siku moja Mjomba aliangukia mifupa mitupu, akanuna mpaka Jumapili. Nilicheka nusura nimwage chai.

Wiki jana mkono wangu ulijua, Mwaitu. Nilitumwa hapa kwetu Kibwezi pamoja na mwenzangu Mutinda kusikiliza wakimbizi na kuamua nani apewe hifadhi. Tulikaa kwenye chumba cha kanisa. Akaingia kijana, akasema, "Habari, mama." Sauti ile! Dereva wa lori lililokugonga alitoka nchi moja na kijana huyo. Alizungumza vile vile akiniomba msamaha barabarani, nawe umelala pale... Sikuweza kumtazama kijana wa watu.

Nilimuuliza mambo ambayo sikuwauliza wenzake. Nyumba yenu iliyochomwa ilikuwa na madirisha mangapi? Mbwa wenu aliitwa nani? Alipokwama, nilifurahi. Nilifurahi, Mwaitu, na nilijua kabisa kwamba akirudishwa kwao atauawa.

Ndipo nikamkumbuka Mjomba na mifupa yake. Nikaweka kalamu chini, nikamwita Mutinda nje, penye tangi la maji, nikamweleza. Nikamwambia, "Huyu msikilize wewe. Muulize yale tuliyowauliza wengine, basi. Uamuzi pia ni wako." Mutinda akarudi ndani. Mimi nikakaa nje, nimeupa mlango mgongo. Sikutia neno, si la kumsaidia wala la kumwangusha.

Kijana alikubaliwa. Alipopita aliniambia, "Asante, mama," kwa sauti ile ile, na iliniuma vile vile. Dereva bado sijamsamehe, usinihimize. Lakini kijana yule hakuwa yeye.

Nakuahidi: siku mkono wangu ukijua tena sahani, nitaondoka kwenye kile kiti kabla sijauliza swali hata moja.

Pumzika, Mwaitu. Leo ninakula hapa hotelini kwako. Nimemwambia Kalekye ageuke kwanza ndipo apakue. Nikipata mifupa, nitanyamaza.

Mwanao,
Mwende