Matone ya Mama Achieng

Jumanne

Macho bado yanachoma, kana kwamba nimetiwa mchanga. Daktari alisema kope zimevimba na machozi yamepungua: nizikande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nizisafishe, nivumilie wiki kadhaa.

Wiki! Kiwandani nashona kola. Nikikawia, laini nzima inanisubiri.

Ndiyo maana niliazima matone ya jirani yangu, Mama Achieng. "Weka tu, mimi yalinisaidia." Kesho yake macho yakatulia kabisa; nilipoacha kuyatia, yakaanza kuchoma tena.

Leo daktari amekiona kile kichupa, akasoma lebo yake. Kisha: "Dada, hii inatuliza haraka, lakini ukitumia bila kupimwa inaweza kukupofusha polepole, na hutasikia uchungu."

Nimekanda. Bado yanachoma. Naogopa hata kuzima taa.

Kesho tunashona sare nyeusi, kwa uzi mweusi.

Kichupa sijakitupa.